Moshi wa kiangazi na upangaji wa safari

Wateja wangu wengi huuliza jambo moja tu kuhusu majira, yaani kama mvua zitakuwa zimekwisha, nami kwa miaka mingi nilipanga safari kwa kipimo hicho hicho, mpaka nilipompeleka Mahale, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Septemba mzee mmoja mwenye pumu. Asubuhi ya kwanza tulikuta majivu ya nyasi, membamba na meusi kama nyuzi, yametua juu ya kitambaa cheupe cha meza, na milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika haikuonekana kabisa. Mzee alishinda hemani siku mbili na inhela yake mkononi, na kosa lilikuwa langu.

Magharibi mwa Tanzania ni nchi ya miombo, misitu ya wazi yenye nyasi chini ya miti, ambako nyasi hukauka kuanzia Juni na kuchomwa na wakulima, wafugaji, warina asali na hata wahifadhi wenyewe. Moto wa mapema una faida, kwa kuwa nyasi zingali na unyevunyevu na eneo lililokwisha kuungua huzuia moto mkubwa wa baadaye. Ule wa Agosti hadi Oktoba ndio unaojaza anga. Taabu ni kwamba miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo sokwe wa Mahale hushuka karibu na ufuo. Mwenye mapafu mazima namwambia aende Septemba na auvumilie utando wa moshi, lakini mwenye pumu nampeleka mwishoni mwa Juni, hata kama atapanda mlima zaidi kuwatafuta.

Siku chache kabla ya kuondoka hufungua FIRMS, ramani ya NASA isiyo na malipo inayoonyesha mahali setilaiti zilipoona moto. Wengi hutishwa na madoa mekundu ya upande wa Kongo, ilhali majira hayo kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moto wa Katavi na Rukwa, mikoa iliyo upande huo, ndio unaotuhusu zaidi. Saa nazo zina uzito: usiku hewa baridi hulala chini na kuufungia moshi mabondeni, hivyo matembezi ya mgonjwa huyaanza saa nne asubuhi, jua likishaunyanyua. Barakoa ya kitambaa haimfai, kwani chembe za moshi zisizozidi mikromita 2.5 huipenya, namfungashia N95 inayobana vizuri usoni.

Kilimanjaro ina hesabu yake. Vichaka vya juu ya msitu viliungua Oktoba 2020, moto ulipoanza kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, vikaungua tena Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga, na mara zote mbili ilikuwa mwisho wa kiangazi, kabla vuli haijashika. Anayeng'ang'ania Oktoba simkatalii, ila namwekea siku mbili za akiba mjini Moshi, jina ambalo wageni hulicheka wakishaelezwa maana yake.