Kalsiamu inafanya nini kwenye ubongo unapojifunza? Maswali na majibu

Nikimeza vidonge vya kalsiamu, kumbukumbu yangu itaboreka?

Hapana, isipokuwa kama vipimo vimeonyesha kwamba kalsiamu yako imepungua kweli. Naanza na swali hili kwa sababu linaeleweka linakotoka: mtu akisikia kwamba seli za ubongo haziwezi kujifunza bila kalsiamu, huona ni busara kuiongeza. Lakini kwenye mifupa, ambako karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili huwekwa, kalsiamu ni kifaa cha ujenzi. Kwenye seli za neva ni ishara. Nayo ishara ina maana pale tu ambapo haikuwepo, ikaja ghafla, kisha ikaondoka.

Haikuwepo vipi, ilhali iko kwenye damu wakati wote?

Iko nje ya seli. Majimaji yanayoizunguka seli ya neva yana kalsiamu zaidi ya mara 10,000 kuliko ile iliyo huru ndani ya seli iliyotulia. Tofauti hiyo hailetwi na bahati. Kwenye utando wa seli kuna pampu zinazoitoa kalsiamu nje bila kupumzika, na ndani kuna maghala madogo yanayoifungia. Kazi hiyo hula nishati, na ni sehemu ya sababu kwamba ubongo, wenye takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia.

Fikiria kinundu kimoja kati ya vile vidogo vinavyochomoza kwenye matawi ya seli ya neva, ambavyo ndivyo hupokea ujumbe. Kinundu chenye ujazo wa sehemu moja ya kumi ya mikromita moja ya ujazo, kikiwa kimetulia, huwa na ioni huru za kalsiamu (chembe zake zenye chaji ya umeme) kama sita hivi. Sita tu! Katika ukimya wa namna hiyo, mlango ukifunguka kidogo, seli inajua.

Seli moja hutumiaje kalsiamu kuzungumza na nyingine?

Seli mbili hukutana kwenye sinapsi, ambapo kuna mwanya mwembamba sana kati yao. Umeme ukifika mwisho wa seli inayotuma, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vilivyojaa kemikali ya ujumbe hupasukia kwenye mwanya. Yote hayo hukamilika ndani ya muda ulio karibu na sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika miaka ya 1960 watafiti Bernard Katz na Ricardo Miledi walionyesha, kwa neva na misuli ya chura, kwamba umeme peke yake hautoshi: kalsiamu isipokuwepo nje ya neva, kemikali haitoki.

Na kujifunza kunaingia wapi?

Upande wa pili, kwenye kinundu kinachopokea. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Kemikali ya ujumbe inayotumika zaidi kusisimua seli za ubongo ni glutameti. Kinundu kina vipokezi vyake, yaani protini zinazoipokea, vya aina kadhaa, viwili vikiwa vinaitwa AMPA na NMDA. Kipokezi cha AMPA hufunguka mara glutameti inapokigusa. Cha NMDA hakifunguki kwa urahisi huo, kwa sababu njia yake imezibwa na ioni ya magnesiamu. Kizibo hicho hutoka pale tu seli inayopokea inapokuwa yenyewe imekwisha kusisimka. Kwa hiyo mambo mawili lazima yatokee kwa pamoja: seli ya kwanza itume, na ya pili iwe macho. Yakikutana, mlango unafunguka na kalsiamu inamiminika ndani.

Unaposikia jina la mtu huku ukiitazama sura yake, ubongo unahitaji njia ya kutambua kwamba viwili hivi vimekuja pamoja. Kipokezi cha NMDA ni mojawapo ya njia hizo.

Kalsiamu ikishaingia, nini hubadilika?

Hushikwa na protini iitwayo kalmodulini, ambayo moja hubeba ioni nne. Kalmodulini iliyojaa huamsha kimeng'enya CaMKII, chenye vipande 12 vinavyoweza kuamshana vyenyewe kwa vyenyewe, hivyo huendelea na kazi kwa muda hata kalsiamu ikiwa imeshatolewa. Vipokezi zaidi vya AMPA huletwa juu ya kinundu, na kinundu chenyewe hutanuka. Safari ijayo, ujumbe uleule utapokelewa kwa nguvu zaidi. Ili badiliko lidumu kwa siku nyingi, ishara hufika hadi kwenye kiini cha seli, jeni huwashwa na protini mpya hutengenezwa.

Uimarikaji huu ulielezwa na watafiti Tim Bliss na Terje Lømo mwaka 1973, kwa majaribio yaliyofanyika Oslo, Norwe, kwenye hipokampasi ya sungura, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu. Miaka kumi baadaye watafiti waliingiza ndani ya seli inayopokea kemikali inayokamata kalsiamu, na uimarikaji haukutokea.

Je, kalsiamu huimarisha tu?

La. Kalsiamu ikipanda sana kwa muda mfupi, sinapsi huimarika. Ikipanda kidogo na kukaa muda mrefu, kimeng'enya kingine, kalsinurini, hutawala: vipokezi vya AMPA huondolewa na sinapsi hudhoofika. Hapa haba na haba haijazi kibaba, bali hukipunguza. Kudhoofika huko si ugonjwa. Sinapsi zote zingeimarika tu, zingefika kikomo na ubongo usingeweza kuandika lolote jipya. Uwezo huu wa kwenda pande zote mbili ndio huitwa unyumbufu wa sinapsi.

Na ikizidi kupita kiasi?

Seli hufa, na kiharusi ni mfano wake. Mshipa ukiziba, nishati hukatika, pampu husimama, glutameti humwagika ovyo na kalsiamu hufurika ndani ya seli. Vimeng'enya vilivyokuwa vikiitumikia seli huanza kuila. Hii ni sababu mojawapo ya madaktari kuhimiza haraka: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zinaanza kupungua.

Kiwango cha kalsiamu kwenye damu kikiharibika, ubongo huathirika?

Ndiyo, pande zote mbili. Ikishuka sana, neva husisimka ovyo: ganzi kuzunguka midomo na kwenye vidole, misuli kukakamaa, hata degedege. Ikipanda sana, mtu huona kiu, hupata choo kigumu, huchoka na huweza kuchanganyikiwa. Tezi ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairodi, ndizo husimamia kiwango hicho, na kipimo cha damu huonyesha kama kimepotoka. Ukiwa na dalili hizo, pima kwanza kabla ya kununua vidonge.