Kwa nini mwanafunzi humwambia kijana wa miaka 20 asichomwambia mwalimu wake?

Mwambie mzazi kuwa una mawazo mengi, usikie jibu: "Mawazo ya nini, kwani wewe unalipa kodi?" Tunalicheka, lakini ndilo linaloua mazungumzo. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2021, kwa wenye miaka 10 hadi 17, ulikuta zaidi ya 4 kati ya 10 wamepitia tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Waliopata huduma walikuwa wachache mno.

Utasema shule ina mwalimu wa ushauri nasaha. Anaweza kuwepo, ila mara nyingi huyohuyo anafundisha hesabu na kusimamia nidhamu. Unamweleza Jumatatu kwamba hulali, Jumatano mama ameitwa shuleni. Hata kuonekana mlangoni pake tu kunazua maswali: huyu ana kesi gani?

Lugha nayo inakwamisha. Vitabu vinasema "sonona", yaani huzuni nzito isiyoisha, lakini sijamsikia mtoto akisema ana sonona. Husema kichwa kinamuuma, akapewa dawa ya maumivu akalale. Na majina ya hospitali za afya ya akili zenyewe, Mathari ya Nairobi na Mirembe ya Dodoma, yamegeuzwa matusi.

Ndiyo maana mpango wa Shamiri wa Kenya unavutia. Haukujiita tiba ya ugonjwa wowote. Jina lenyewe ni kustawi tu. Wanafunzi hukaa kwenye vikundi saa moja kwa wiki, wiki 4, wakizungumzia shukrani, mambo wanayoyathamini, na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Anayeongoza si daktari. Ni kijana aliyemaliza sekondari juzijuzi, akafunzwa kazi hiyo, na hana uwezo wa kumwadhibu mtu. Katika jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia Shamiri kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Aliyezidiwa sana bado anahitaji mtaalamu.

Sheria pia ilitisha. Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kinakiuka katiba. Nani angemsimulia daktari jambo la kumfikisha polisi?

Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure Kenya na Tanzania. Lakini simu ni ya mama, na nyumba ya chumba kimoja haina kona ya kunong'onea.