Je, wajua kwa nini nyanya huoza kitako?

Nyanya inaanza kuiva vizuri, unaigeuza, na chini kabisa, mkabala na kikonyo, unakuta baka jeusi lililobonyea, kavu kama ngozi ya kiatu. Nilipoliona mara ya kwanza kwenye nyanya nilizopanda kwenye ndoo za rangi pale Kimara, nilikimbilia duka la pembejeo nikanunua dawa ya ukungu. Nikapiga wiki tatu. Mabaka hayakujali.

Yasingejali, kwa sababu kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna mdudu wala ukungu ulioanzisha kuoza huko. Ule ukungu mweusi unaoota juu ya baka huja baadaye, kama nzi kwenye kidonda. Jirani akaniambia ni upungufu wa kalsiamu, nisage maganda ya mayai. Tukala mayai mwezi mzima. Alikuwa sahihi nusu: kalsiamu haikufika kwenye kitako, lakini kwenye udongo mara nyingi huwa ipo. Isitoshe, ganda la yai huoza taratibu mno. Msimu unaweza kuisha mche haujapata kitu.

Shida ni usafiri. Kalsiamu hupanda kutoka mizizini ikibebwa na maji. Fikiria bomba moja la mtaa. Majani ni majirani wenye pampu: yana vitundu vingi vya kupumulia, na jua likiwaka huvuta maji kwelikweli. Ganda la nyanya halina vitundu hivyo, kwa hiyo tunda huvuta kidogo, na kitako ndiyo nyumba ya mwisho kwenye bomba. Siku ya mgao, wenye pampu wanajaza matangi, wa mwisho anafungua koki anapata upepo. Na kalsiamu ikishaingia kwenye jani ndiyo imetoka, hairudi tena kulisha tunda.

Sasa weka ndoo ya lita 20 kwenye jua la Januari la Dar. Asubuhi udongo umelowa, jioni ni vumbi. Kumwaga maji mengi Jumamosi hakulipi deni la Jumatano, maana madhara huanza tunda likiwa dogo, baka likaonekana baadaye.

Wapo wataalamu wanaosema upungufu huo wa kalsiamu ni matokeo ya mche kuteseka, si chanzo. Mjadala huo haujaisha, ila pande zote hazigombani kuhusu maji: yaende kila siku, kwa kiasi, na juu ya udongo pawe na matandazo ya majani makavu. Mbolea ya yurea nayo upunguze. Inaongeza majani, yaani pampu.

Nyanya yenye baka haiponi. Kata kitako, iliyobaki inafaa kachumbari. Maganda yangu ya mayai bado yamo kwenye kopo.