Nikikaa sijambo, shida ni ndoo

Aliingia chumba changu cha kliniki amejiziba mdomo kwa leso. Mama wa makamo, muuza dagaa wa Busia (habari zake nimezigeuza kidogo asijulikane). Alikuwa katikati ya kemo ya saratani ya titi: mizunguko minne ya ile dawa nyekundu (doksorubisini) na siklofosfamaidi ilikwisha, sasa yuko kwenye paklitakseli ya kila wiki. Wiki ya tatu anakohoa, kikohozi kikavu, hana cha kutema. Antibayotiki za aina mbili ameshazimaliza. Nyumbani wameshamtengea sahani na kikombe, maana kwetu Uganda mtu akikohoa huku anakonda, watu hawaulizi mara mbili: ni TB.

"Nikikaa sijambo, dakta. Shida ni nikishika ndoo."

Maneno hayo yalinitosha kuanza kazi. Oksimita ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni kwenye damu, iligoma kusoma. Kucha zilikuwa zimepiga weusi kwa dawa. Tukatafuta ile ya kubana sikioni: asilimia 95. Kwa namba hiyo wengi wangemrudisha nyumbani. Tukamtembeza varandani, kwenda na kurudi, dakika sita. Ikashuka hadi 86.

Sababu ni hii. Kuta za vifuko vya hewa ndani ya mapafu ni nyembamba mno, oksijeni hupenya mara moja. Dawa nyingine za saratani huziumiza kuta hizo, au huuchokoza mwili uzishambulie wenyewe, zikavimba. Ukiwa umekaa, damu hupita taratibu na oksijeni hupata muda wa kupenya. Ukibeba ndoo, damu hupita mbio na muda hautoshi. Uvimbe ukiachwa huweza kugeuka kovu, na kovu la pafu halifutiki.

Kwa paklitakseli na ndugu yake dosetakseli, tatizo kwa kawaida huja ndani ya siku au wiki chache. Siklofosfamaidi ni mvizia: inaweza kuumiza mapema, au ikaacha makovu yanayojitokeza baada ya miaka. Mionzi ya kifua huleta yake, mara nyingi kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya matibabu. Kati ya dawa mpya, trastuzumabu derukstekani ndiyo ya kuchunga zaidi, kwani hugusa mapafu ya takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, au zaidi kidogo. Kwa kemo za kawaida, wengi humaliza salama.

Hakuna kipimo kinachosema "ni dawa hii". Tunafika hapo kwa kuondoa mengine: TB, nimonia za watu wenye kinga dhaifu, damu iliyoganda mapafuni, moyo uliochoshwa na ile dawa nyekundu, au saratani yenyewe kusambaa. Eksirei safi isikutulize. Mwanzoni huweza isionyeshe kitu. Mama huyu tulimvutisha mvuke wa maji ya chumvi mpaka akapata makohozi, na kipimo cha GeneXpert hakikuona TB. CT skani ilionyesha ukungu pande zote mbili, kama kioo kilichopigwa na mvuke wa chai.

Paklitakseli tukaisimamisha, tukaanza predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kipimo cha uzito wake, ya kupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Predinisoloni siitoi kwa pupa. TB iliyojificha huamka nayo, na wapo minyoo wadogo wa strongiloidi wanaoweza kuenea mwili mzima kinga ikilala, ndiyo maana nilimpa ivermektini, dawa ya minyoo, kwanza.

Linaloniuma ni kwamba kikohozi hicho alikuwa amewaficha watu wa kemo. Watu husafiri usiku kucha kuja Mulago kwenye Taasisi ya Saratani, nauli ya kukopa, halafu waseme wanakohoa, dozi iahirishwe? Hunyamaza. Dada yangu, mwambie nesi kabla dripu haijafunguliwa, na mwambie kazi gani uliiweza mwezi jana na leo inakukatisha pumzi. Homa au kupumua kwa shida ukiwa umekaa, hiyo ni ya siku hiyohiyo, usingoje kliniki.

Baada ya wiki mbili tulimtembeza tena varandani: 93. Daktari wake wa saratani akambadilishia dawa. Kabla hajaondoka aliomba karatasi yenye muhuri isemayo hana TB. Nikaandika. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso.

"Hii ni ya mama mkwe," akasema.