Mita 60 za ufukwe hazikupi njia ya kwenda kuogelea

Mtu anayetaka kuogelea Ziwa Victoria akizuiwa kwenye geti la hoteli huko Luchelele au Ilemela, Mwanza, hoja yake ya kwanza huwa ileile: "Mita 60 ni za umma!" Mlinzi hatikisiki, na kisheria hajakosea sana.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Hilo ni katazo kwa anayejenga. Wewe mwenye taulo hakijakupa njia. Maji ndiyo ya umma, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kwa hiyo hoteli haikuuzii ziwa. Inakutoza kwa kupita kiwanjani kwake, choo na kivuli.

Basi acha kubishania mita, tafuta njia. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mipango miji: Halmashauri ya Jiji kwa upande wa Nyamagana, Manispaa kwa Ilemela. Omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Njia ya kushuka ziwani huonekana kama ukanda mwembamba kati ya viwanja, usio na namba ya kiwanja. Ukiukuta kwenye mchoro lakini umezibwa kwa ukuta, una hoja nzito. Mwandikie mkurugenzi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ukitaja namba ya mchoro na za viwanja vinavyopakana na njia. Barua ya "tumezibiwa njia" tupu hulala kwenye faili. Kama mchoro hauna njia kabisa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu kuanzishwa njia ya umma, ila jiandae kusubiri.

Ujenzi mpya ufukweni ni wa kupeleka NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Ambatanisha picha na tarehe uliyopima umbali wa ujenzi hadi majini, maana ziwa lilipanda sana 2020 na tena 2024. Ukuta uliokuwa mbali na maji unaweza leo kulowa bila mwenyewe kusogeza tofali.

Kisiwa cha Saanane usikiguse. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na mipaka yake inaingia majini, hivyo kuvuka kwa kuogelea kutoka Capri Point bila kibali ni kosa. Mwaloni napo, kwenye soko la samaki, hata pasipo geti, mitumbwi ya injini haimwoni muogeleaji.

Na palipo wazi kisheria, epuka maji yaliyotulia kwenye matete: ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na vipimo huonyesha vizuri zaidi baada ya wiki 6 hadi 8.