Kofre ya chuma juu ya mawe ya volkano

"Mvua ikinyesha, hii kofre inanipiga mukono," mama mmoja wa hapa Goma alituambia tulipofika kukagua nyumba yake ya mbao. Tulikata umeme, tukafungua hiyo kofre, yaani sanduku la chuma la vifaa vya umeme. Waya wa kijani na njano, ndio wa tere unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekunjwa chini ya kofre, haujafungwa popote. Nje, fimbo ya tere ya mita 1.5 ilisimama kama kigingi cha mbuzi: sentimita 40 tu ndizo zilizoingia, jiwe la volkano yetu ya Nyiragongo lilikataa zilizobaki.

Kanuni za IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, pamoja na NF C 15-100, kanuni ya Ufaransa ya nyaya za majengo, zinataka kila chuma kinachoweza kuguswa, na ambacho waya ukichubuka kitapata umeme, kiunganishwe na tere. Mafundi wengi huelewa hivi: piga fimbo, kazi imeisha. Sivyo. Shabaha ya kanuni ni umeme ukatike wenyewe kabla mtu hajadhurika.

Hebu tupige hesabu. Mawe ya lava hupitisha umeme kwa shida, na fimbo iliyoingia nusunusu inaweza kuwa na omu 500 (omu hupima jinsi kitu kinavyozuia umeme). Waya wa moto ukigusa kofre kwa volti 220, kitakachopita ardhini hakifiki hata nusu ampea (220 kugawa kwa 500). Dijonkteri ya kawaida ya ampea 16, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, haitashtuka, na kofre itabaki na umeme ikimsubiri mtoto. Lakini dijonkteri diferansiali ya miliampea 30, ile inayohisi umeme unaovuja, itakata mara moja. Kwa mji wetu, naona hiki ndicho kifaa cha kununua kwanza, hata kabla ya taa za urembo.

Hata hivyo, tere nzuri bado inahitajika. Penye mwamba, afadhali kuchimba mtaro na kulaza shaba tupu ya milimita 25 za mraba kuzunguka nyumba, kisha kufukia kwa udongo, si kokoto.

Ndani ya kofre, kwangua rangi mahali waya unapokaza, maana rangi huzuia umeme. Kila sanduku lipewe tawi lake la tere. Usipitishe tere kwenye prizi (soketi) moja kwenda nyingine, kwa sababu siku prizi ya kwanza itakapofunguliwa, zilizo mbele zote zitabaki bila kinga. Na tafadhali, kofre isifungwe kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, kwa kisingizio kwamba "yote yanaenda chini": nyutro ikikatika njiani, vyuma vyote vya nyumba vitapata umeme.

Bonyeza kitufe cha T cha dijonkteri diferansiali kila mwezi. Ila kitufe hicho hupima dijonkteri peke yake. Hakisemi kama tere imefika kwenye kofre. Hilo mwombe fundi alipime umeme ukiwa umekatwa, ncha moja ya omumita, kipimo cha omu, kwenye chuma cha kofre, nyingine kwenye waya mkuu wa tere. Namba iwe karibu na sifuri. Kwa yule mama, kabla hatujafunga ule waya, mshale wa omumita haukusogea kabisa, maana yake hapakuwa na njia yoyote ya umeme kati ya kofre na tere.