Hakuna bahari ya moto chini ya Bonde la Ufa

Wengi tumekua tukiamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya mawe yaliyoyeyuka, na kwamba Bonde la Ufa ni mpasuko tu unaoiachia ipande. Si kweli. Tabaka lililo chini ya ganda la dunia ni mwamba mgumu, ingawa una joto kali na hujongea polepole mno. Kinachouzuia usiyeyuke ni mgandamizo wa uzito ulio juu yake. Bara linapovutwa, ganda hupungua unene, mwamba wa chini hupanda, mgandamizo hulegea, na sehemu yake ndogo huyeyuka bila hata kuongezewa joto. Hiyo ndiyo magma.

Magma nayo hugeuka kuwa kabari ya kulipasua bara. Septemba 2005, huko Afar, Ethiopia, ilijipenyeza ardhini kwa urefu wa takriban kilomita 60, ikaitanua ardhi hadi mita 8 kwa wiki chache tu. Juu ya ardhi, karibu na mlima Dabbahu, yalitoka majivu na kuba dogo la mawe. Karibu magma yote ilibaki chini, ikagandia humo humo.